Mlango wa Swalihu

Hitma ya mama yao ilipokwisha, wazee wa ukoo walikaa mkekani kule Kolo, Kondoa, wakagawa vitu. Mbuzi walipata wenyewe kabla chai haijapoa. Shamba la bondeni lilizua maneno, kisha nalo likapata mtu. Masufuria, majembe, kitanda cha kamba, hata redio iliyoacha kusema tangu zamani, vyote vilichukuliwa. Akabaki Swalihu, mtoto wa kiume wa marehemu, mwanamume mzima mwenye ndevu, ambaye saa hiyo alikuwa amefungiwa ndani ya ghala la mtama. Vilio vya msibani vilikuwa vimemfanya ajipige kichwa ukutani, na watu hawakujua la kufanya naye.

"Huyu nitabaki naye mimi," alisema baba yao mdogo, mzee Seleman. "Ghala lipo. Chakula atapelekewa humo humo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejitwika mzigo ambao wengine wameukwepa, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Lakini Mishi, dada yake Swalihu, aliinuka kutoka upande wa wanawake akasimama mbele ya wazee.

"Samahani, baba mdogo. Kaka yangu si gunia. Atakwenda na mimi Dodoma."

"Mishi, mwanangu, mama yenu alimuweza kwa sababu alikuwa mama. Wewe una mume. Una mama mkwe ndani ya nyumba."

"Mume wangu huyo hapo. Muulizeni."

Athuman, mumewe, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, alikuwa katikati ya kunywa chai. Ilimpalia. Alipomaliza kukohoa alisema kwamba nyumba ni kubwa, nafasi ipo, kisha akarudi kwenye kikombe chake kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama.

"Basi mchukue," mzee Seleman alikata shauri. "Baada ya mavuno nitakuja kumwona. Nikimkuta amekonda, au nikisikia anazurura barabarani magari yanampigia honi, narudi naye hapa. Na tusigombane."

"Tusigombane," Mishi alikubali.

Siku hizi hali ya Swalihu ina jina. Inaitwa usonji, na ukimpata daktari mwenye subira atakueleza. Miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza tena kujaa sabuni na vitambaa, neno hilo lilikuwa halijafika kwetu. Watu walikuwa na maneno yao, na mengi hayafai kuandikwa. Mishi hakuhitaji jina, alikua naye. Alijua kwamba kaka yake husema maneno machache na kuyarudia, kwamba hapendi kushikwa kwa ghafla, kwamba husikia sauti ambazo wengine wamekwisha kuzizoea. Ukimpa ungo wa maharage yaliyochanganyika atayatenga kwa rangi mpaka la mwisho, huku anaguna wimbo wake. Akifurahi hutikisa vidole mbele ya macho. Akizidiwa hujipiga. Hakuwahi kumpiga mtu mwingine hata siku moja.

Na kwa habari ya majengo, Mishi hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na stashahada ya ujenzi, na alichora ramani katika ofisi ya serikali mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Wenzake walilia. Yeye alinunua ubao wa kuchorea, akauweka sebuleni kwake Ipagala, pale Dodoma, akangoja wateja. Hawakukawia. Wafanyabiashara waliokuwa wameanza kupata pesa walitaka nyumba, na walitaka nyumba kama yake: sebule pana, madirisha makubwa ya vioo yanayotazama barabara, milango ya chuma, taa ndefu zinazomwaga mwanga mweupe, sakafu inayong'aa mpaka mtu anaona meno yake. Mteja akiletwa pale alitazama juu, akatazama chini, akasema, "Mama, nichoree hii hii."

Nyumba hiyo ndiyo iliyotaka kummaliza Swalihu.

Kosa la kwanza lilikuwa la heshima. Kwa akina Mishi mtu aliyefiwa hawekwi uani kama mfanyakazi. Anapewa chumba cha mbele, karibu na baraza, ili watu wakija kumpa pole wamkute. Bi Hamida, mama yake Athuman, alitandika shuka jipya kwa mkono wake. Dirisha lilivikwa pazia la maua. Majirani, watu wema wote, wakaja mmoja mmoja na kwa makundi. Hodi, hodi, pole sana ndugu yetu, na kila mmoja anamshika Swalihu mkono na kuutikisa. Kila akiingia mtu mlango wa chuma unabamiza. Akitoka, unabamiza tena. Na juu ya yote hayo taa ilikuwa inaunguruma, sauti ndogo kama ya nzi aliyenasa ndani ya chupa. Mishi hakuwahi kuisikia sauti hiyo mpaka siku alipomkuta kaka yake chini ya kitanda, mito imembana masikio, macho yameelekea darini.

Alizima taa. Akakaa sakafuni gizani pamoja naye, kwa mara ya kwanza akaisikiliza nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa na makelele kama soko.

Swalihu aliacha kula. Sahani ilikwenda ikarudi. Kwenda chooni kulitaka apite korido, apite sebule yenye wateja, apite mbele ya Bi Hamida na wageni wake, ndipo afike uani. Hakupita. Alijizuia mpaka akashindwa, na asubuhi Mishi alifua mashuka.

"Mama, mjomba anatuchukia?" aliuliza Shamila, binti yake.

"Hatuchukii. Anaichukia nyumba."

"Kwani nyumba imemfanya nini?"

"Shika upande huo wa shuka tukamue."

Kisha Mishi akafanya anachokijua. Alichukua karatasi, akachora kwa kumbukumbu chumba cha kaka yake kule Kolo, ukuta kwa ukuta. Alimhamishia chumba cha ndani, mbali na barabara. Akaziba nusu ya dirisha. Taa nyeupe ikang'olewa, ikawekwa balbu ndogo yenye mwanga wa njano. Mlango wa chuma ukatolewa ukawekwa wa mbao. Sakafu inayong'aa ikafunikwa kwa majamvi, kuta zikapakwa rangi ya udongo, kitanda kikageuzwa kielekee upande ule ule kilioelekea kwa mama yao.

"Mama Shamila," alisema Athuman, amesimama na mikono kiunoni, "wateja wakiuliza kwa nini umeng'oa mlango mzima nitawaambiaje?"

"Waambie umeoza."

"Mlango wa chuma?"

"Waambie hivyo hivyo. Watanyamaza."

Lazima tuseme ukweli, chumba hicho kilisaidia. Swalihu alilala. Hakujipiga tena. Mishi alishukuru Mungu kwa hilo na akamshukuru Athuman aliyebeba ule mlango peke yake mpaka stoo. Lakini Swalihu hakutoka. Mashuka yaliendelea kufuliwa. Sahani ilikuwa inarudi nusu, na mifupa ya mabega ilianza kuonekana kupitia shati. Nje ya mji mtama ulikuwa umeshainamisha vichwa, na malori ya alizeti kutoka Kondoa yalikuwa yameanza kuteremka. Mishi akiliona lori la huko alihesabu siku zilizobaki kabla mzee Seleman hajaja. Alimwona kaka yake ndani ya ghala, sahani inasukumwa kwa mguu.

Alirudi kwenye karatasi yake akapima upya, na vipimo vilikuwa sawa. Hapo ndipo hasira zilipomshika. Kosa unaloliona unalirekebisha. Hili hakuliona.

Asubuhi moja kitanda kilikuwa kitupu.

Mishi alitoka mbio bila viatu. Athuman alikimbilia barabara kuu kwenye malori. Jirani yao Joha, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu mnadani, alisimama katikati ya njia anapaza sauti, "Swalihu! Jamani Swalihu! Mgonjwa wa Mishi kapotea!" Watoto walikimbia huku na kule. Mishi alifika mpaka kwenye makutano, akitazama chini ya kila gari, mpaka Shamila alipomfuata anahema.

"Bibi anasema acheni kelele. Mjomba yuko jikoni kwake."

Sasa jiko la Bi Hamida lilikuwa nchi ya Bi Hamida. Nyumba ilipochorwa, Mishi alitaka jiko la ndani, la kisasa, lenye sinki. Mama mkwe alikataa katakata. "Mimi sipiki sebuleni, moshi unizibe na wageni wako." Akajengewa lake pembeni mwa uani, la matofali ya kuchoma, dogo, lenye giza la kupendeza mchana wa jua kali. Lilikuwa na uwazi wa mbele kuelekea uani na mwingine nyuma wa kutolea majivu, unaotokea kwenye matuta ya mchicha na choo. Hata Mishi hakuinua sufuria humo bila kuuliza.

Alimkuta Bi Hamida nje, juani, amepanga mafiga matatu chini, anapuliza moto.

"Nimefukuzwa," alisema mama mkwe bila kugeuka. "Kaingia, kakaa kwenye kigoda changu, kanitazama kidogo, mimi mwenyewe nikaona nitoke. Kwa adabu lakini, sikatai."

"Nisamehe, mama. Nitamtoa sasa hivi."

"Umtoe umpeleke wapi? Kule anakofunga mdomo? Ameshakula huyo. Ugali wa jana na mlenda. Kalamba bakuli."

Mishi alichungulia. Ndani kivulini Swalihu alikuwa ameinamia ungo wa maharage ya Bi Hamida, mekundu huku, meupe huku, anaguna wimbo wake. Wimbo huo Mishi hakuwa ameusikia tangu kifo cha mama yao. Aligeuza ndoo akaikalia, mbali kidogo. Sebuleni mteja alikuwa anamngoja. Alimwacha angoje.

Asubuhi yote alitazama. Shamila aliingia uani, Swalihu akainua macho, akamwona, akarudi kwenye maharage. Athuman alirudi na jasho lake, naye akaonwa, akaachwa. Kisha akaja muuza mkaa, jitu la kucheka kwa nguvu. Swalihu aliinuka bila haraka, akatoka kwa nyuma, akasimama kwenye mchicha mpaka sauti ilipokwisha, akarudi kwenye kigoda. Baadaye alikwenda chooni na kurudi kama mtu yeyote. Hakuna aliyemwingilia kwa ghafla, maana kila mtu yeye ndiye aliyemwona kwanza, na ambaye hakumtaka alimwachia nafasi akaenda zake.

Ndipo Mishi alipokumbuka. Chumba cha Kolo kilikuwa na tundu upande wa nyuma, fupi, la kutokea shambani. Utotoni walipita hapo kwa kuinama. Lilikuwa dogo na la kawaida mno hata hakuwahi kulihesabu kuwa ni mlango, na alipochora kwa kumbukumbu alichora mlango mmoja tu. Alikuwa amemjengea kaka yake chumba kizuri kisicho na pa kutokea. Mtu anayeogopa watu, akiwekwa ndani ya chumba cha namna hiyo, anakaa siku nzima anautazama mlango.

Dawa alikuwa ameiona, lakini jiko halikuwa lake. Unamwombaje mama mkwe jiko? Wapo waliotalikiwa kwa madogo kuliko hilo. Mishi, ambaye huwaambia wateja wenye magari kwamba choo cha nyumba yao kimekaa vibaya, alizunguka uani mpaka jua likapoa, akipanga maneno na kuyapangua.

"Njoo unisaidie hili sufuria kubwa," Bi Hamida alimwita.

Alikuwa anatoa vyombo. Mwiko, chungu, mbuzi ya nazi, kibuyu cha chumvi, vyote vilikuwa vimekwisha kupangwa chini ya kibanda cha kuni.

"Mama, unahama?"

"Hapa panatosha. Mwambie mwanangu aongeze bati moja mbele, jua lisinipige usoni."

"Mama, hilo jiko ulilipigania mwenyewe. Mimi sijakuomba..."

"Ningekungoja wewe uombe, mavuno yangepita. Mimi napika mara mbili kwa siku. Yeye anatafuta pa kuishi. Shika sufuria, linanielemea."

Mishi, mtu mwenye jibu la kila kitu, alishika sufuria.

Kazi ilianza. Fundi Petro, aliyezoea kujengea ramani za Mishi, aliitwa, na kwa mara ya kwanza akapewa ramani isiyoanzia mbele ya nyumba. Jiko liliongezwa upana upande wa mchicha. Kuta zilipigwa lipu isiyong'arishwa, ili mwanga usirukeruke. Chini ya bati ilitandikwa dari ya mikeka, na juu ya mikeka majani makavu, mvua ikinyesha isisikike kama mawe. Uwazi wa nyuma ukawa mlango kamili, njia ya moja kwa moja hadi chooni, bila kona. Mlango wa mbele ulikatwa vipande viwili, cha juu na cha chini, ili mwenyewe afungue cha juu atazame kwanza. Na mbele ya mlango huo ulijengwa ukuta mfupi wa matofali yenye matundu, mahali pa kukaa nusu ndani nusu nje. Kila hatua Petro alipomaliza waliacha siku zipite, wakamtazama Swalihu anaitumiaje, ndipo wakaendelea. Ukuta wa matundu ulibomolewa ukajengwa upya kwa sababu alikuwa anachuchumaa ili aone.

"Mama, hii nyumba inajengwa kwa kuuliza," Petro alisema.

"Na wewe ujibu kwa kubomoa. Asante. Endelea."

Shida ikatoka nje. Pale mjini chumba chenye mlango wake peke yake ni chumba cha mpangaji. Ndugu hupitia mlango wa wote, hula mezani pa wote. Joha aliuona mlango, akaona na vyombo vya Bi Hamida chini ya kibanda, akaunganisha mwenyewe. Mishi kamtoa kaka yake ndani, kamtupa jikoni, na mama wa watu kamtupa kwenye kuni. Habari ilifika dukani kwa Athuman kabla ya chakula cha mchana, na alirudi nyumbani amefura.

"Wananiuliza shemeji yangu nampangisha kwa shilingi ngapi! Mimi! Mbele ya wateja!"

"Ukajibuje?"

"Nijibu nini? Nimefunga duka."

"Basi kaa hapo, usiseme. Mtazame tu."

Athuman alikaa kwenye ndoo ile ile, amenuna. Upepo wa jioni, ule wa Dodoma unaobeba vumbi, ulibamiza mlango mpya, na Swalihu akaruka kutoka kwenye kigoda, mikono masikioni. Ulibamiza tena, akaruka tena. Athuman aliinuka akaushika mlango kwa mkono wake, akausimamia mpaka upepo ulipotulia. Kesho yake alirudi kutoka dukani na fungu la tyubu za baiskeli zilizochakaa. Alizikata vipande virefu, akavipigilia kwenye fremu za milango yote miwili, kisha za nyumba nzima. Tangu siku hiyo milango ya nyumba ile hujifunga kama mtu anayeweka kikombe juu ya mkeka. Mishi alimpikia pilau siku isiyo ya Ijumaa, na kwa Mishi hiyo ilikuwa barua ndefu ya shukrani.

Hata Joha, ukitaka haki, alibadilika. Alipoelezwa kwamba hodi yake inamkimbizia Swalihu mchichani alikasirika kwanza, akasusa kama wiki hivi, kisha akawa anafika getini anasimama, anakohoa kidogo, anangoja aonekane. Mwanamke yule kunyamaza ilikuwa sadaka kubwa. Ila maneno yake ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kupanda lori la alizeti yakafika Kolo, na kule hayakuwa na wa kuyasahihisha.

Mzee Seleman alikuja mavuno yalipokwisha, vumbi la barabara ya Kondoa limejaa kwenye kofia.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Karibu ukae kwanza."

"Sikuja kukaa. Nimeambiwa umemweka jikoni."

"Ni kweli."

"Jikoni, Mishi!"

"Lilikuwa jiko. Sasa ni kwake."

"Na umempa mlango wa peke yake kama mtu baki."

"Miwili. Milango miwili."

"Miwili!" Mzee alimgeukia Bi Hamida kana kwamba anatafuta shahidi mwenye akili. "Mzee mwenzangu, na wewe umekaa unatazama?"

"Jiko nimelitoa mimi," alisema Bi Hamida. "Punguza sauti, unamtisha."

Mzee Seleman alielekea kwenye mlango ili agonge. Mishi alimtangulia akasimama njiani. Hakuwa amewahi kumzuia mzee wa ukoo njia maishani mwake.

"Usigonge, baba mdogo. Kaa kwenye kigoda hiki, hapa wazi, akuone."

"Mimi baba yake nikae nikaguliwe? Mtoto ndiye anayekuja kumwamkia mkubwa."

"Atakuja akitaka. Asipotaka, hatumtoi."

Waliangaliana. Mzee alikaa, lakini alikaa kama mtu aliyekaa juu ya msumari. Alipokea chai. Akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ghala amelisafisha mwenyewe, ameweka kitanda, ametoboa na dirisha. Mishi alisikia uchungu, kwa sababu aliona kwamba mzee hasemi uongo, na kwamba alikuwa amejitahidi kwa alichokijua.

"Nashukuru, baba mdogo," alisema. "Kweli nashukuru. Lakini tazama kwanza."

Kipande cha juu cha mlango kilifunguka kidogo. Jicho. Kikafungwa.

"Hata salamu," mzee alinong'ona.

Kikafunguka tena, mara hii kwa upana. Shamila alipita bila kusema, akaweka sahani ya wali na maharage juu ya kipande cha chini, akaondoka. Mkono ulitoka ukaichukua. Wote waliokaa uani wakasikia kijiko. Bi Hamida alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mishi alikuwa anasali bila kutikisa midomo.

Kisha kipande cha chini kikafunguka, Swalihu akatoka. Ndevu zimechanwa. Shati limemjaa mabegani. Alikuja mpaka kwenye ukuta wa matundu, akakaa amewaelekezea watu ubavu, uso upande, ungo magotini, akaanza kutenga. Hakumtazama mzee. Lakini hakuondoka.

Chai ya mzee Seleman ilipoa mkononi. Mara ya mwisho alimwona mtu huyu amejikunja kwenye pembe ya ghala, damu kwenye paji la uso.

"Amenenepa," alisema, kwa sauti ya mtu aliye msikitini.

"Anakula."

"Na usiku?"

"Analala mpaka adhana."

"Na barabarani?"

"Hajawahi kwenda. Akizidiwa anatokea nyuma, anasimama kwenye mchicha, anarudi."

Mzee akazidiwa yeye. Aliinuka, akamwendea mtoto wa kaka yake na mkono umenyooka ili amwekee kichwani amwombee dua, kama mzee yeyote angefanya. Mishi alifungua mdomo kumzuia, akachelewa. Swalihu aliuona mkono unakuja. Hakupiga kelele, na kichwa chake hakukipiga popote. Alisimama na ungo wake, akaingia ndani, akavuta kipande cha chini, kisha cha juu. Havikutoa hata mlio.

"Baadaye," ilisikika sauti yake ndani. "Baadaye, baadaye."

Mkono wa mzee ulibaki hewani. Shamila aliziba mdomo kwa kiganja. Mishi alihesabu kwamba yote yamekwisha, kwamba mzee ataita lori.

Mzee Seleman alianza kucheka. Alicheka polepole, kwa ndani, mabega yanatikisika, asije akamtisha mtu.

"Kanifungia mlango," alisema. "Mimi, baba yake mdogo, kanifungia mlango kwake. Sasa nimchukue nimpeleke wapi? Mtu ana kwake." Alifuta macho kwa ncha ya kanzu, akarudi kwenye kigoda. "Na wale wa Kolo nitawaambia hivyo hivyo. Nitawaambia nimekwenda kwa Swalihu, akanipokea, akachoka na mimi, akanifukuza. Chai hii imepoa, nipeni nyingine."

Mishi alimpa. Alijikuta amekwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kuni, ndani ya moshi, akachukua kisu bila kuuliza, akakaa chini, akaanza kumenya vitunguu. Kwa muda alikuwa na sababu nzuri ya machozi.

"Asante, mama," alisema.

"Ya nini?"

"Ya jiko."

Bi Hamida alipuliza moto, akafuta jivu kwenye kope, akamsogezea bakuli.

"Vikate vidogo vidogo," alisema. "Huyo baba yako mdogo hana meno."